Mkate Usio na Mtu Ndani

Mke wangu alifariki akiwa ameacha unga umekandwa. Watu wengi hawakulijua hilo, maana siku ya msiba jiko huwa la wengine, na wanawake waliokuja kutupikia walilisukuma bakuli lake nyuma ya ndoo za maji wakaendelea na shughuli zao. Wageni walipotawanyika niliingia jikoni kutafuta kikombe, nikaliona. Lilikuwa bakuli la udongo lililofunikwa kwa kitambaa cheupe, na kitambaa kilikuwa kimeinuka katikati kama tumbo la mtu aliyelala chali. Nikakifunua. Donge lilikuwa limeumuka mpaka ukingoni. Aliyelikanda tulikuwa tumekwisha mzika, nalo lilikuwa bado linapumua.

Niwaeleze wasioijua kazi hii. Mke wangu hakuwa mtu wa hamira ya pakiti. Kila alipokanda unga alikata kipande akakiweka kando kibichi, na kipande hicho ndicho kilichoumua unga wa siku iliyofuata. Kisha kabla ya kuoka akakata tena. Alikiita donge la kesho. Kwa namna hiyo mkate wa leo ulikuwa na kidogo cha mkate wa jana, na wa jana ulikuwa na wa juzi, kurudi nyuma mpaka siku alipochanganya unga na maji kwa mara ya kwanza, bi harusi asiyejua kuchemsha hata chai. Ukilioka donge lote pasipo kubakiza, ndio mwisho wake. Unaweza kuanzisha jingine, lakini lile haliko tena.

Basi sikulitupa. Mimi si mtu wa mambo ya mizimu. Nilianza kazi kiwandani kwa wachapaji, nikipanga herufi za maneno ambayo nusu yake sikuyaelewa, na uchungu huo ndio ulionipeleka shule ya jioni. Nilisoma vidole vikiwa na wino. Vyeti vyangu vimetundikwa sebuleni, kimoja chini ya kingine, na fremu nilizitengeneza mwenyewe. Nayasema haya ili ieleweke kwamba nililitunza donge lile kwa akili timamu. Kila asubuhi nilimega sehemu nikaitupa, nikaongeza unga na maji vuguvugu, nikafunika. Sikuwa naoka. Nilikuwa nalilisha tu, kama mtu anavyomlisha paka aliyeachiwa na jirani aliyehama.

Mwanangu, ambaye ni dereva wa malori ya masafa marefu, alioa miaka michache baadaye akamleta mkewe tukae pamoja, kwa kuwa yeye mwenyewe nyumba yake ni barabara. Mkwe wangu hakuwahi kumwona mama mkwe wake hata siku moja. Ni binti mwenye sauti ndogo na mikono mikubwa, na alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha nguo mpaka kilipofungwa. Kukaa bure kulimshinda. Akaniambia anataka kuoka mikate pale nyumbani auze kwa majirani, na kwamba biashara isiposhika kabla mvua hazijaisha, atakwenda kutafuta kazi mji mwingine, yeye na mumewe wawe wanapishana barabarani na kupigiana honi. Alilisema kwa utani, lakini nilimwelewa. Akiondoka, nyumbani tungebaki mimi na bakuli.

Alianza kwa hamira ya pakiti. Mikate ikatoka myeupe, laini, haina kosa wala haina la kukumbukwa. Majirani walisema si mibaya. Mimi nayajua maneno hayo. Ndiyo anayoambiwa mtu aliyeimba harusini bila kuombwa.

Asubuhi moja akanikuta nalisha donge. "Baba," akasema, "kila siku nakuona na hilo bakuli na kila siku naona haya kuuliza. Humo ndani unalea nini?"

Nikamweleza yote, kama nilivyowaeleza ninyi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanawa mikono, akakaza kitambaa chake cha kichwa kama mtu anayekwenda kutambulishwa ukweni, akapiga goti moja mbele ya bakuli na kusema, "Shikamoo, mama."

Nilipaswa kukaa kimya. Lakini nilikuwa na furaha asubuhi ile, furaha iliyokuwa imenipotea siku nyingi, na furaha humfanya mzee kuwa mtoto. Nikabana koo, nikaitikia kwa sauti ya marehemu, nikilivuta neno kama alivyokuwa akilivuta yeye: "Marahabaa, mwanangu. Jiko ni lako."

Tulicheka mpaka mkwe wangu akashika meza. Mimi nilicheka kuliko yeye, kwa sababu sauti ilitoka sawasawa, nisivyotarajia. Shikamoo huitikiwa na mwenyewe. Hata mtoto anayejifunza kusema anajua kwamba ukisikia mwenzako anaamkiwa, wewe unatulia. Mimi nilimwitikia mtu asiyekuwepo, tena kwa jina lake nikakabidhi jiko.

*

Mkate wa kwanza wa donge lile ulipotoka, nilikula kipande kimoja nikatoka nje nikasimama ukutani kwa muda. Ganda lilikuwa gumu kidogo, la rangi ya mbao iliyopakwa mafuta. Ndani kulikuwa na matundu madogo na uchachu wa mbali unaokuja baada ya kumeza, kama mtu anayekumbuka jambo akiwa amekwisha fika mlangoni. Ulikuwa mkate wake. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa na mkate ule.

Tuliondoa wavu kwenye dirisha la jikoni linalotazama njia, tukagongomea ubao chini yake, na hapo ndipo palipokuwa duka letu. Mkwe wangu alikanda alfajiri, akaoka kukipambazuka, na watu walipotoka kwenda kazini harufu ilikuwa imekwisha watangulia kwenye kona. Tuligundisha mifuko ya karatasi, na juu yake akaandika namba yake ya simu. Kabla wiki haijaisha, ubao ulikuwa mtupu mapema na watu wakawa wanagombana kwa heshima, kila mmoja akidai yeye ndiye aliyekuwa nyuma ya yule aliyemaliza.

Sasa mkwe wangu ana tabia moja ninayoisifu: hapendi kusifiwa ovyo. Akaniambia watu wanamwambia mzuri, mzuri, na yeye haamini, kwa sababu ni mgeni mtaani na mgeni hapewi ukweli. Akaniomba mimi niwe napita kwa wateja Jumamosi kuchukua maoni yao. Nikamwambia wakimficha mgeni, mzee watamficha zaidi. Akasema, "Wewe una maswali, baba. Mtu akikaa nawe dakika mbili anajikuta ametaja mpaka jina la bibi yake."

Sikukataa. Mwalimu wetu wa shule ya jioni alikuwa akisema swali lililobeba jibu mgongoni si swali. Kwa hiyo sikumwuliza mtu kama mkate ni mzuri. Nilimwuliza: ulipoukata ulitokea nini? Uliula na nani? Kilichobaki mlikifanya nini?

Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa raha tupu. Kinyozi wa kwenye kona, fundi cherehani anayeshona gauni za akina mama, mwenye mgahawa wa karibu na stendi, wote walisema neno moja: kama wa marehemu. Nilirudi nyumbani nimejaa kama kibuyu. Mkwe wangu alipokea maoni yale akatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Alhamdulillahi," akasema, "sasa tungoje siku watakayosema kama wa mkwe."

Mzunguko wa pili sikuuelewa.

Kinyozi alinisubirisha mpaka kiti cha mwisho kikawa wazi, kisha akafunga redio. Ni mtu wa mizaha. Kila mwenye upara akipita humwuliza kama amekuja kung'arishwa. Siku ile hakutania. Alisema ameweka mkate wetu pale dukani, wateja wanakula wakisubiri zamu, na sasa wanaimba. Hawaimbi maneno, ila wanavumisha puani, mashine ikiwa inawapita shingoni. Wimbo ni ule ule. Mmoja wao alikuwa abiria tu, gari lake limeharibika, hajui mtu yeyote hapa. "Na wote," kinyozi akasema, "wanafika mahali wanakatiza, wananusa hewa, halafu wanaendelea."

Niliondoka. Mke wangu hakuwa na wimbo mwingine. Alikuwa akiuvumisha akikanda, na katikati yake alikatiza kunusa kama tanuri limeshika moto unaotakiwa. Ile pumzi ilikuwa sehemu ya wimbo kama noti nyingine yoyote.

Fundi cherehani naye alinivuta mpaka chumba cha nyuma, akanionyesha gauni lililotundikwa kwenye msumari. Alikuwa amelishona kwa vipimo vya mteja wake, binti mwembamba mrefu, akavihakiki kama anavyohakiki siku zote. Gauni lilipokwisha, halikumkaa binti. Lilimpwaya kiunoni na kumbana juu. "Hebu litazame begani, shemeji," akaniambia. Nikalitazama. Bega la kushoto lilikuwa limeshushwa kidogo na kuwekewa pindo la kuficha. Mke wangu alikuwa na bega moja chini kuliko jingine, kwa ndoo alizobeba utotoni, na fundi huyu ndiye aliyemshonea miaka yote ya utu uzima wake.

"Nilikuwa nakula mkate wenu huku nakata," akasema. Akacheka kidogo, akaacha. "Sasa nifanye nini nalo? Siwezi kulifumua. Nikilishika mkono unakataa."

Nikamwambia nitalichukua mimi. Akasema hapana, liache.

Mwenye mgahawa ndiye niliyemwogopa zaidi, kwa sababu yeye ndiye biashara yenyewe. Dirisha linalisha, lakini mgahawa unasimamisha. Alikuwa amechukua mikate yetu kwa majaribio, na ikimpendeza angechukua kila siku, kiasi ambacho mkwe wangu asingehitaji kufikiria mji mwingine. Nilimkuta amekaa kwenye meza yake mwenyewe kama mteja, chai imepoa mbele yake. Alinieleza kwamba watu wamekuwa wakimaliza kula hawaondoki. Hawaongei, hawagombani, wala hawaagizi kingine. Wanageuza viti kidogo kuelekea mlango wa jikoni na kuutazama, kama watu wanaomsubiri mtu fulani atoke na kuwaambia jambo. Jana mwanamume mmoja mzima alilia, na alipoulizwa alisema hajui analilia nini, ila anaona amechelewa.

"Mzee wangu," akasema, "mkate wenu ni mtamu kuliko mkate wowote niliowahi kutia kinywani. Lakini mimi nauza chai. Niletee mkate usio na mtu ndani. Ukinipa huo, nachukua kila siku ya Mungu. Ukishindwa, tuachane kwa wema, na unijibu Jumatatu."

Nilirudi nyumbani taratibu. Mkwe wangu alikuwa akisugua trei uani. Akaniuliza wamesemaje.

Nikamwambia wamesema chumvi ipunguzwe kidogo.

*

Sababu ya kumficha ilikuwa hii. Kwa siku kadhaa nilikuwa nimeanza kuweka kigoda changu kwenye mlango wa jikoni alfajiri, gazeti mkononi, nikijifanya nasoma kwa mwanga wa taa ya tanuri. Mkwe wangu anatumia mkono wa kulia. Anaandika kwa kulia, anakata vitunguu kwa kulia. Lakini kwenye unga alikuwa ameanza kukanda kwa kushoto. Alisukuma kwa kisigino cha kiganja, akakunja, akageuza robo, kisha akapigapiga mara mbili kwa mgongo wa vidole, kama mtu anayemtuliza mtoto. Hakuna aliyemfundisha. Nilikuwa mtu pekee duniani niliyeujua mchezo ule wa mkono, na mimi sikuwahi kuutaja.

Kwa hiyo nilikaa pale na gazeti langu nikatazama mikono. Sikutazama uso. Nikiinua macho ningemwona binti wa watu, na sikutaka kumwona. Niliyashusha macho yakaishia viwikoni, na kwa nusu saa kila alfajiri nilikuwa na mke.

Siku moja, bila kugeuka, akasema, "Kamusi, hebu nisogezee unga."

Nikausogeza. Sikushtuka, na hilo ndilo linalonitisha ninapolikumbuka. Niliusogeza kama nilivyousogeza maisha yangu yote, nikarudi kwenye kigoda. Ni baada ya kukaa ndipo baridi iliponishika miguuni. Kamusi ni jina aliloniita mke wangu, tulipokuwa vijana, kwa sababu nilikuwa nikimsomea maneno mapya wakati anapika. Aliniita hivyo jikoni peke yake. Mbele ya watu niliitwa Baba Fulani kama wanaume wengine. Mwanangu mwenyewe halijui.

Mkwe wangu aliendelea kukanda. Alikuwa akivumisha wimbo puani, na alipofika katikati alinyamaza, akanusa, akaendelea.

Hata hapo sikusema kitu. Nilijiambia nitasema kesho.

Yeye ndiye aliyetangulia. Ilikuwa Jumapili mchana, mvua imeanza kupungua, yeye ameketi kwenye kizingiti na mikono mapajani, viganja juu, akiitazama kama vitu alivyopewa avishike kwa muda. Aliniita baba, nami nikamshukuru Mungu kimoyomoyo kwa neno lile.

"Baba, jana nilimpigia mume wangu simu," akasema. "Tukaongea vizuri. Nikamwuliza amekula, amelala wapi, tairi zimekaaje. Mwisho wa maongezi nikamwambia, haya mwanangu, funga vifungo vya shati, kuna baridi." Akageuza viganja chini. "Alicheka. Halafu hakucheka tena. Akaniuliza, 'Nani amekwambia maneno hayo? Maana mama ndiye aliyekuwa akiniambia nikitoka.' Nikamwambia hakuna aliyeniambia. Na kweli, baba, hakuna."

Niliketi chini kando yake.

"Mimi namheshimu mama," akaendelea. "Kila asubuhi bado namwamkia, na kila asubuhi nikinyamaza nasikia ameitikia, wala si wewe unayenitania. Mwanzoni nilifurahi. Nilisema nimepata mama mkwe asiyenigombeza. Lakini anakuja mbele kila siku kidogo. Juzi nimesimama dirishani mteja ananisalimu, nikamjibu, nikamwuliza habari za mguu wake. Nilijuaje kwamba anaumwa mguu? Sasa naogopa. Mwanangu nikimzaa, atazaliwa na nani?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba ana mimba.

"Kwa nini usiliache?" nikamwuliza, na nilisikia sauti yangu mwenyewe ilivyokuwa ndogo. "Hamira ipo."

"Donge ni lako, baba. Mimi ni mtoto tu katika nyumba hii. Siwezi kumtoa mama wa watu jikoni kwake. Ukiniambia niendelee, nitaendelea."

Angeendelea. Hilo niliamini kama ninavyoamini kwamba jua litachomoza. Angenyamaza, akakanda, na kila alfajiri angezidi kupungua, kwa adabu tu, kwa sababu baba mkwe wake hakusema neno. Na mimi ningekaa kwenye kigoda nikitazama. Ningeweza kukaa hivyo mpaka sote wawili tumekwisha.

*

Jioni ile nilijisomea. Niliwahi kuazima maktaba kitabu cha mambo ya chachu, nikanakili kurasa. Kinasema kwamba ndani ya donge kuna viumbe vidogo visivyoonekana, vinavyokula unga, kuzaana na kufa kwa muda wa saa chache. Kwamba kwa miaka yote ile, hakuna hata chembe moja aliyoishika mke wangu iliyokuwa imebaki. Vyote ni wajukuu wa wajukuu. Niliusoma ukurasa ule mara nyingi. Kisha nikaenda jikoni, nikafunua kitambaa, na harufu iliyonipanda usoni ilikuwa ya shingo yake alipokuwa ametoka kuoga.

Nikafunika. Elimu ni kitu kizuri, lakini ina mahali inapokusindikiza na kukwambia, mimi naishia hapa.

Jumatatu niliamka kabla ya mkwe wangu. Nilifunga mlango wa jikoni. Nilinawa mpaka viwiko kama alivyokuwa akinilazimisha yeye kila nilipotaka kugusa kitu chake, nikamwaga unga mezani, nikalitoa donge lote katika bakuli. Mimi sijawahi kukanda. Lilinata vidoleni, likanipanda mikononi, lilikuwa na joto kana kwamba lilikuwa limelaliwa. Nilisukuma ovyo. Baada ya muda mikono ikapata njia, ikaanza kukunja na kugeuza robo, na nikajikuta navumisha puani. Nikafunga mdomo. Nikakanda kimya, nikijiuma shavu, kwa sababu nilijua nikifika katikati ya wimbo nitanusa, na nikinusa sitamaliza.

Unga ulipokuwa tayari, mkono wangu wa kushoto ulikata kipande, ukakiviringa, ukakipeleka kwenye bakuli. Sikuuamrisha. Niliona kipande kimekwisha kaa pale chini, kidogo, cha mviringo, kama jicho la mtu anayekutazama bila kukulaumu.

Nilisimama pale muda mrefu. Niliongea. Niliyoyasema siyaandiki, ni ya watu wawili. Ila mwisho nilimwambia kuna mtoto anakuja katika nyumba hii, na kwamba wewe ulipokuwa unamsubiri wa kwetu hukukubali hata mama yako mzazi akae jikoni kwako. Nikakitoa kipande kwenye bakuli nikakirudisha ungani. Nikakanda mpaka kisijulikane kiko wapi. Nikalisugua bakuli kwa maji ya moto.

Ulipoumuka niliutia tanurini wote, mkate mmoja mkubwa, mbaya, uliopinda upande. Nilikaa mbele ya kioo cha tanuri mpaka ulipoiva. Haukutoa sauti yoyote. Sijui nilitarajia nini.

Mkwe wangu alipoingia alikuta mkate mezani na bakuli limepinduliwa juu chini. Aliyaangalia yote mawili. Akafungua kabati, akatoa pakiti ya hamira, akaikata kwa meno, akaanza kupima maji. Nilitazama mikono yake. Alikanda kwa kulia, kwa nguvu nyingi mno, kama mtu anayefua blanketi. Unga ulimrukia kifuani. Nikainua macho, nikamwona usoni, na alikuwa amechoka, ana chunusi kwenye kidevu, ni mtoto wa watu aliyekuja kwangu akiwa na sanduku moja.

Mwenye mgahawa alichukua mikate ile siku hiyo hiyo. Jumamosi nilipokwenda kuchukua maoni, viti vyote vilikuwa vimeelekea barabarani na watu walikuwa wakibishana habari za mpira. Alisema mkate ni mzuri. Nikamwuliza ulipoukata ulitokea nini. Akanitazama. "Nilipaka siagi, mzee," akasema. Kinyozi naye alikuwa amefungua redio. Fundi cherehani alisema haukai sana, siku ya pili unakauka, tuangalie mafuta. Hayo yalikuwa maoni ya kweli ya kwanza tuliyowahi kupata, na mkwe wangu aliyafanyia kazi. Aliongeza mafuta, akabadili unga, akaharibu mikate mingi, akalia mara moja, akapata. Mkate wake sasa una utamu wa maziwa kidogo, na watu wanaotoka mitaa ya mbali wanauita wa yule dada.

Ule mkubwa niliula mimi. Sikumpa mtu. Nilikata kipande kila siku, nikalowesha kwenye chai ulipokuwa mgumu, na ulipopungua nikawa nakata vyembamba.

Siku nilipomaliza, mkwe wangu alikuwa mezani anakanda, tumbo limeanza kumzuia. Mimi nilikuwa naokota makombo kwa kidole. Bila kuinua kichwa akaniuliza, "Baba, mama alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikatambua kwamba tangu aingie katika nyumba ile sikuwahi kumsimulia. Nilikuwa nimeviachia unga na maji vimwambie. Nikajisogeza karibu na meza nikaanza. Nikamwambia jinsi alivyokuwa akicheka na mkono mdomoni kwa sababu ya jino lake. Nikamwambia habari za ndoo na bega. Nikamwambia siku nilipomwona mara ya kwanza, kwenye foleni ya bomba la maji, watu wanasukumana na yeye amesimama wima kama mtu anayepigwa picha, amevaa kanga nyekundu.

"Ya kijani, baba," mkwe wangu akasema.

Alisema hivyo taratibu, kwa sauti yake ndogo mwenyewe, huku akinyunyiza unga mezani kwa mkono wa kulia. Kisha mkono ukasimama. Alinitazama, nami nikamtazama.

Ilikuwa ya kijani. Nilikuwa nimesahau.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea.